Bangili ya Utemi

Jumamosi ya tarehe kumi na nne Juni ndiyo siku mambo yalipomharibikia Makuru. Wakubwa wa ukoo walifika kwake Manyamanyama kuchukua bangili ya pembe ya ndovu, ya utemi wa babu yake, ili avikwe mdogo wake.

"Kaka, ilikuwa zamu yako," mwenyekiti wa ukoo alisema. "Lakini mtemi anavikwaga na mkewe. Wewe nani atakuvika?"

"Mke wangu alipokuwa hai mlisema nisubiri. Mlikuwa mnasubiri afe?"

Mwenyekiti akaomba bangili.

Makuru akafungua kanga iliyoviringishiwa bangili. Kila mwezi ulipoandama, marehemu mkewe alikuwa akiketi mlangoni, akiipaka samli kwa kidole gumba, taratibu, isije ikapasuka, huku akimtania, "Lete mkono, mtemi wangu, nikupime." Harufu ya samli bado ilikuwemo.

Mke wa mdogo wake, aliyekuja na wakubwa ili amvike mumewe, akanyoosha mikono kuipokea. Makuru hakuiachia.

"Niambieni kwanza," alisema. "Yule aliyeitunza miaka yote hii, alikuwa mke wa mtemi au mtumishi wenu?"