Abiria Aliyejifungia

Treni ilikuwa imeshaanza kuiacha Malaba Ekwaro alipodandia behewa la mwisho, kofia ya reli kwapani, uso umekunjamana kama wa mtu aliyemeza dawa bila maji. Kila gurudumu likizunguka lilikuwa linampeleka mbali na Amukura, na Amukura ndiko alikotakiwa kuwa.

Leo ndiyo siku aliyopewa. Mkewe, Anyait, alikuwa amemwacha katika nyumba za reli kule Nakuru akarudi kwao, akisema yeye aliolewa na mwanamume, hakuolewa na kofia. Wakwe wakamtumia neno: njoo siku hii umchukue, na usipokuja, basi usije tena. Ekwaro akamwomba Emukule, stesheni masta wa Malaba, abaki pale siku moja tu. Emukule akakataa. Mkaguzi mwingine wa tiketi alikuwa mgonjwa, na nchi sasa imepata Uhuru, haikufaa kuchezea kazi.

"Mke atangoja," alimwambia. "Treni haingoji mtu."

Jana jioni Ekwaro alikuwa ametuma mtu Amukura akaseme kazi imemfunga. Hakutegemea huruma ya wazee. Mtu wa upande wake kule alikuwa mmoja, mama mkwe. Hawajawahi kuonana uso kwa uso, maana kwao mkwe na mama mkwe hawaonani, hiyo ndiyo heshima yenyewe. Lakini kila alipokwenda kule, sauti yake ilimfikia kutoka nyuma ya ukuta wa jikoni, ikimwambia ale ashibe. Leo ile sauti ingesema nini mbele ya wazee, na mkwe mwenyewe hajaonekana?

Na hasira hiyo akaingia daraja la tatu. "Tiketi, tiketi."

Hajafika hata benchi la tatu, akaona mama mmoja anainuka ghafla, anavuta leso kichwani, anaruka miguu ya watu na vikapu vyao, mpaka chooni. Mlango ukafungwa kwa ndani.

Ekwaro akacheka bila furaha. Huo mchezo aliujua. Mtu asiye na tiketi akiona kofia hukimbilia choo, akatoka mkaguzi akishapita. Majuzi mmoja alimponyoka hivyo hivyo, na Simiyu, gadi wa treni, akamtania njia nzima kwamba kazi yake ni kulinda vyoo.

"Mwache, boss," alisema Perez, mama wa Funyula aliyekuwa na kikapu cha samaki wakavu. "Labda ni tumbo."

"Tumbo gani hilo linauma likiona kofia?"

Behewa zima likacheka. Ekwaro akamaliza kutoboa tiketi za wengine, akatoka nje ya mlango, akajibanza hapo akingoja. Punde mama akarudi kuketi. Ekwaro akaingia. Mama akaruka tena, safari hii akapindua kikapu cha Perez, samaki wakatawanyika chini ya mabenchi. Ekwaro akamwita asimame. Hakugeuka.

Perez, akiokota samaki wake, alisema hata yeye haelewi. Tangu Malaba huyo mama alikuwa anaongea vizuri, amewagawia watu njugu, anacheka. Kofia imeingia tu, amekuwa bubu.

Ekwaro akagonga mlango wa choo. "Mama, nakuomba kwa heshima. Pitisha tiketi hapa chini."

Kisha tiketi zikapita chini ya mlango. Zilikuwa mbili, zote za kutoka Malaba mpaka Nakuru.

"Mtu mmoja, tiketi mbili," Ekwaro akawaambia watu. Aliuliza ya pili ni ya nani. Akauliza tena. Akauliza kama ameiiba, au kama kuna mwenzake amemficha mahali. Hakujibiwa hata kwa kuguna. Myanga ikapita dirishani. Kule Amukura wazee walikuwa labda wameshainuka kwenye viti vyao, na yeye amesimama hapa anazungumza na mlango.

Akatoa ufunguo wa kazi, akafungua.

Mama alikuwa amesimama ameelekea ukuta, leso imemfunika mpaka mabegani. Ekwaro akamwambia ageuke. Hakugeuka. Basi akamshika bega, akamgeuza, akavuta ile leso ikabaki mkononi mwake.

Ulikuwa uso wa mtu mzima, macho yamefumbwa kwa nguvu. Mama akajifunika kwa viganja, akakaa chini pale pale kwenye sakafu chafu ya choo. Hakuna aliyecheka.

"Boss," Perez akasema polepole, "sasa umefanya nini?"

Ekwaro akajibu sheria ni sheria, lakini alimrushia mama leso yake bila kumwangalia. Tiketi akazitia mfukoni. Treni iliposimama Bungoma akamwita Simiyu, wakamteremsha.

Perez aliuza samaki wake Eldoret, wakaisha. Emukule alipanda cheo, akahamishiwa Kisumu. Simiyu alistaafu akiwa gadi vile vile. Ekwaro alikaa katika nyumba ileile ya reli Nakuru mpaka nywele zikawa nyeupe, akipika mwenyewe. Siku ile Anyait, aliyekuwa amepata kiti behewa la mbele na sanduku lake, alichungulia dirishani pale Bungoma, akamwona mama yake ameketi kwenye changarawe kando ya reli, akashuka. Wakarudi Amukura kwa miguu.