Kiwiko cha Maman Bulonza

Siku ile Maman Bulonza alikwenda darasani ili arudishe kitabu na kuaga. Kwa miezi mitatu alikuwa akijifunza Kiingereza katika ukumbi wa parokia, na hakuwahi kufungua kinywa. Wenzake walikuwa vijana. Yeye alikuwa muuza maharage wa miaka hamsini na tatu.

Alipofika mlangoni alimkuta mwalimu mbele ya darasa, ameinua mkono, akigusa kiwiko chake.

"Hii inaitwa namna gani kwa Kiingereza?"

Vijana wakatazamana.

Bulonza alilijua neno lile. Binti yake alikuwa amemwekea programu ya kujifunzia kwenye simu, na wiki nzima ilimtamkia maneno jikoni alipokuwa akichagua maharage, naye akiitikia huku akijigusa mwili. Sasa alishika kiwiko chake. Ngozi yake ilikuwa ngumu kama gamba, kwa miaka mingi ya kuegemea meza ya sokoni.

"Elbow," akasema.

Mwalimu akageuka. "Nani amesema?"

"Ni mimi, mwalimu. Telefone yangu ndiyo iko inasema vile."

"Iko inasema muzuri, maman. Rudia, wote wasikie."

Akarudia. Vijana thelathini wakashika viwiko vyao, wakamfuatisha kwa sauti moja, vilevile wanavyomfuatisha mwalimu. Bulonza akahisi kicheko kikimpanda kutoka tumboni, akakiacha kitoke.

Hakungoja kuulizwa tena. Akainama, akashika goti lake, akawatazama wote.

"Knee," akasema.