Makucha Yenye Meno ya Karibu

Obura alikuwa bado anayasifu yale makucha ya trekta pale mama mmoja, mteja wake, alipopitisha mkono katikati ya meno ya makucha hayo, ukatokea upande wa pili.

"Haya hapana," alisema.

"Mama, kwa shamba la Luweero lililogeuka msitu hakuna kama haya. Yanang'oa kisiki na mizizi yake, udongo unadondoka wenyewe. Trekta yako ndogo haitalemewa."

Tangu atoke Kisumu, Obura alikuwa akiuza vyuma hapa Old Kampala, na wateja wa kutia kidole kila mahali walimchosha. Akamwonyesha makucha mengine, yenye meno yaliyobanana.

"Haya yatabeba udongo wote. Utajuta."

Mama akapiga magoti kwenye oili iliyomwagika, akaingiza kidole chake kidogo baina ya meno mawili. Kikakwama kwenye kifundo. Akajaribu pengo lililofuata, na lililofuata.

"Nipe haya."

"Lakini mama, unataka kuokota nini huko?"

Alifungua furushi alilokuwa amelikumbatia tangu aingie. Ndani mlikuwa na zile nguo za magome ya mti ambazo Waganda huzikia wafu wao, mpya, nyekundu kama udongo. Zilikuwa zimekatwa vipande vifupi, vya kufungia watoto.

"Miti imeota juu yao tangu vita, ssebo," alisema. "Sitaki hata kidole kimoja kidondoke."