Kitabu cha Vifaranga

Bi Mashavu aliingia dukani kutafuta kitabu cha kujifunzia Kihispania. Binti yake alikuwa ameolewa Uhispania, na mjukuu aliyezaliwa huko hakujua neno hata moja la Kiswahili. Kwenye simu, bibi na mjukuu walikuwa wakitazamana tu na kuchekeana.

Kitwana, mwenye duka, alimwekea mezani kitabu kinene cha sarufi. "Hiki ndicho wanachosomea chuoni, mama."

Bi Mashavu alikifungua, akakifunga. "Mwanangu, mimi sitafuti cheti. Nataka kuongea na mtoto mdogo."

Kitwana alicheka. Akapekua rafu ya chini, akatoa kitabu chembamba cha picha za vifaranga wakimfuata mama yao, kila picha na sentensi yake ya Kihispania. Bi Mashavu hakutaka kingine.

Jioni, mjukuu alipotokea kwenye simu, Bi Mashavu alimsomea ukurasa wa kwanza polepole. Mtoto alikodoa macho. Kisha akasogeza uso karibu kabisa na kioo, akamsahihisha neno moja. Bi Mashavu akalirudia. Mtoto akatikisa kichwa, akalitamka tena taratibu, kama anayemlisha mtu uji kwa kijiko.