Mijusi wa Mbaruku

Kipupwe kilipokaza, Salha alianza kuamka kila alfajiri kuwachemshia maji mijusi sita ambao mumewe, Mbaruku, aliwakamata mlimani. Maji aliyatia katika chupa, akaifunga kitambaa, akailaza ndani ya sanduku lao. Mbaruku mwenyewe alikuwa hospitali, wiki ya saba sasa.

“Wifi, umekonda,” alisema dada yake Mbaruku alipokuja kumjulia hali. “Watoe nje. Kaka hatajua.”

“Watakufa kwa baridi, naye ataniuliza. Jina langu keshalisahau, lakini mijusi wake kila siku anawauliza.”

Sandukuni mmoja alikuwa amekakamaa kama kijiti. Salha alimwokota, akamtia kifuani chini ya kanga, akaketi sakafuni kungoja kama atajitikisa.