Hodi ya Tatu

Nyumba ya Mishi ilikuwa mpakani kabisa: mlango wa mbele ulitazama nchi hii, wa uani ulitazama nchi ile. Asubuhi hiyo redio ilitangaza kuwa nchi hii imeungana kijeshi na taifa moja kubwa, na nchi ile imeungana na hasimu wa taifa hilo. Askari wa pande zote walikuwa wakisaka mapaa ya kuwekea mizinga.

"Wakija, tunyamaze," Mishi alimnong'oneza mumewe, Shebwana. "Hodi tatu zisipojibiwa, mgeni huondoka."

"Na hao wanaijua desturi hiyo?"

Mlango wa mbele ukagongwa. "Hodi," ilisema sauti ya kigeni, kama iliyofundishwa neno hilo jana. Kisha tena, "Hodi." Mishi alibana pumzi akingoja ya tatu.

Ya tatu ikatokea mlango wa uani, kwa lafudhi nyingine.

Shebwana alimshika mkewe mkono.

Chumbani, mama yake Mishi, kipofu ambaye maishani hakuwahi kuiacha hodi bila jibu, alikohoa.

"Mishi, husikii watu?" akasema. Kisha akapaza sauti kwa ukarimu wake wote: "Karibuni. Piteni ndani."

Vitasa vya milango yote miwili vikazunguka.