Kikombe cha Bluu

Tangu watu wawekewe kompyuta vichwani, kumbukumbu usiyoigusa muda mrefu hupelekwa ghalani, na ukiihitaji hurudishwa. Ila kichwa ni kilekile, kama kitanda cha futi tatu: akipanda mmoja, mwingine ashuke. Zamani kurudisha kulichukua siku nzima. Toleo jipya, walijisifu mafundi, humaliza kazi kabla chai haijachemka.

Mwantumu, ambaye hakuwa amekanyaga kwao Korogwe mwaka mzima, akapiga hodi. Mama yake akamkagua juu mpaka chini.

"Karibu, mgeni. Unauza nini?"

"Shikamoo, mama. Nauza mwanao, bei ya kutupa."

Mama akaduwaa, kope zikamchezacheza. Birika lilikuwa bado halijachemka alipopiga ukelele: "Mwantu! Kichwa kama fenesi! Mwaka mzima hata salamu, we mtoto?"

Wakakumbatiana, wakacheka mpaka machozi.

Kisha mama akamimina chai kwenye kikombe cha bluu, kile chenye mkono uliomeguka, akamsogezea. Mwantumu akaganda. Tangu baba afariki, hakuna aliyeruhusiwa kukigusa kikombe hicho. Yeye alikigusa siku moja, akala kofi, na alikuwa mtu mzima tayari.

"Mama, hiki si cha baba?"

"Baba yupi tena?" Mama akacheka. "Kunywa bwana, inapoa."

Mwantumu angetaja jina la marehemu tu, baba angerudi upesi kichwani mwa mama. Lakini alijua nani angeshuka kumpisha.

Akanywa.